Wapangaji Hawafi

Nyinyi vijana mliochukua ile kazi yetu ya mlango kwa mlango, nisikizeni kidogo kabla Dan hajafika. Dan ni mwanangu. Anakuja leo jioni, na kesho anataka kunipandisha basi la kwenda nyumbani upande wa ziwa, ati nikapumzike, nikapate hewa safi. Moyo wangu umechoka. Miguu imevimba, na nikitoka bafuni kurudi chumbani ni lazima nishike ukuta. Lakini daktari wa kliniki hapa Kawangware ameniambia nikimeza dawa zangu na nikija kupimwa kila mwezi, bado niko na miaka ya kuishi. Huko nyumbani zahanati iko ng'ambo ya mto na dawa hufika zikitaka. Kwa hivyo swali langu la leo ni moja tu, niende ama nisiende. Na hiyo hewa safi naijua. Nilikula mshahara miaka mingi nikihesabu watu waliopelekwa kuipata.

Shiko wenu, yule anayezunguka ploti yetu na tablet, aliniomba nije niongee na nyinyi wageni wa kazi. Miguu imekataa, basi nimeandika. Mkiona nimekasirika mahali, ni kweli nimekasirika.

Kazi yenyewe mnaijua. Unapita kila mlango wa eneo lako, ukimaliza unaanza raundi nyingine, na kila mara unauliza: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani amehama. Majibu yanapelekwa kwa watu wa kompyuta, nao wanapiga hesabu watoe miaka ambayo mtoto aliyezaliwa leo mtaani anatarajiwa kuishi. Hiyo ndiyo inalinganishwa na ya nchi zingine. Mimi nilianzia Kibera, Kisumu Ndogo, baadaye nikaongezwa Kawangware kwa sababu ndiko nilikokuwa nikilala. Watoto waliniita Mama Maswali. Wakiniona wanakimbia mbele kuambia mama zao, na mama zao wanafunga mlango.

Siku yangu ya kwanza nilibisha kwa mlango wa mabati, nikasimama wima na begi langu jipya, nikamwuliza mwenye nyumba kwa sauti nzuri kama mtu wa redio, "Kuna aliyekufa hapa?"

Yule mama aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. "Bado. Kwani wewe umetumwa na nani?"

Sikupata jibu lingine kwake mwaka mzima. Kwa hivyo shikeni hili. Mlango wa mabati usiugonge, mtu atadhani ni kodi ama polisi. Ita jina la mama wa nyumba. Ukipewa kiti, kaa, hata kama kina mguu mmoja mfupi. Usiulize kifo. Uliza, "Mko wote?" halafu unyamaze. Mtu akiwa amefiwa, hilo "mko wote" atalijibu yeye mwenyewe, polepole, na wewe weka kalamu chini mpaka amalize. Siku hizi ni tablet, najua. Hiyo tablet inataka ujaze hapa ndipo ikufungulie pale, haina subira. Igeuze uso chini kwenye mapaja. Haitakufa.

Umri ndio ulinitoa jasho. Wazee wetu wengi hawakuandikwa popote walipozaliwa, na ukimwuliza mtu miaka yake anakupa sitini, ama sabini, ama themanini, zile zinazotamkika vizuri. Kuna Guka, yaani babu, mwenye ploti ninayokaa hapa mtaa wa Kongo, mzee wa Kawangware ya zamani, wakati hii yote ilikuwa mashamba ya mahindi na nduma. Nilimwuliza alizaliwa mwaka gani. Akasema mwaka wa njaa.

"Njaa gani, Guka? Njaa zimekuwa nyingi."

"Ile kubwa."

Nikatoa karatasi yetu ya miaka ya njaa, nzige na vita, nikamsomea zote. Akachagua moja. Nikapiga hesabu, nikapata kwamba binti yake wa kwanza, Wairimu, alikuwa amemzidi umri. Nikamwambia. Guka alifikiria sana, akatema mate kando, akasema, "Basi Wairimu ndiye mwongo. Mwulize yeye."

Na ningemwuliza vipi? Wairimu ndiye alikuwa msimamizi wangu wa kazi. Madam Wairimu, mwanamke mrefu, amesoma, hana mchezo. Yeye ndiye alinifundisha kuacha kuuliza miaka kabisa. Alisema, uliza mtu alikuwa anafanya nini wakati jambo fulani lilitokea. Nzige walipokuja ulikuwa unachunga mbuzi, ama bado unabebwa mgongoni? Ulitahiriwa pamoja na akina nani, na kati yao nani bado yuko? Kwa njia hiyo tulimpata Guka, akaonekana ni mtu wa kupita themanini, akafurahi kwa sababu tulimwongezea.

Sasa niwaambie kuhusu ukuta wa ofisi.

Madam Wairimu alikuwa amebandika karatasi kubwa yenye laini za rangi, kila nchi na laini yake, kuonyesha miaka ya kuishi inavyopanda na kushuka. Japani ilikuwa juu kabisa, karibu na dari, inapanda tu bila kusumbuka. Kulikuwa na nchi moja tajiri ambayo laini yake ilipanda, ikasimama, ikaanza kuinama, na Madam akatuambia hata matajiri huteleza, huko vijana wanamalizwa na vidonge vya kulevya. Kulikuwa na za vita, hizo zinakatika tu kama kamba. Na ilikuwako yetu. Yetu ilipanda vizuri mpaka miaka ya ule ugonjwa, ikatumbukia, ikakaa huko chini, halafu dawa zikaja ikaanza kupanda tena. Wageni wakija ofisini walipenda kuonyesha pale inapopanda. Mimi macho yangu yalikwenda pale chini. Baba yake Dan yuko pale chini, na binti zangu wawili. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi kuchukua begi, na kuna siku nilishindwa kupita nikazungukia mlango wa nyuma.

Rafiki yangu wa Kisumu Ndogo alikuwa Mama Achieng', muuza omena, zile dagaa za ziwa letu. Meza yake ilikuwa pale njia inapogawanyika, kanisa upande huu, baa upande ule, na yeye katikati akiwauzia wote. Alikuwa rika langu, tumbo kubwa, kicheko kikubwa, na sukari kwenye damu ambayo aliitunza kwa kwenda kliniki kila alipoambiwa. Yeye ndiye alinijulisha eneo zima. Akiwa hapo kwenye meza anajua nani ana mimba kabla mwenye mimba hajajua. Siku moja nilimweleza ule ukuta, na Japani huko juu. Akaniuliza huku anapima omena:

"Huko Japani mgonjwa hupelekwa wapi?"

"Hospitali."

"Akitoka hospitali?"

"Si anarudi kwake."

"Kwake wapi? Kwa nyumba ya mjini ama nyumbani kabisa?"

"Nyumbani ni hapo hapo, Mama Achieng'. Nafikiri wako na nyumbani moja."

Alicheka mpaka akamwaga zingine chini. "Basi ndio maana," akasema.

Mimi sikuelewa alichosema. Nilielewa baadaye, na aliyenieleza ni Madam Wairimu, na nilimchukia siku hiyo.

Alituita sisi wote wa Kibera na Kawangware, akatusomea hesabu zetu. Akasema, "Kulingana na nyinyi, mwenye ploti anakufa. Mpangaji hafi."

Tulicheka. Mmoja wetu akasema basi ni heri tubaki wapangaji. Madam hakucheka hata kidogo. Akaendelea: familia za ardhi, kama ya baba yake, mtu anaugua hapa, anafia hapa, anazikwa Lang'ata ama kwenye shamba la ukoo wao, na sisi tunaandika kifo. Lakini kwa wapangaji, ambao vyumba vyao ni mara kumi zaidi, watu wakubwa karibu hawafi kabisa. Wanahama. Mtu yuko raundi hii, raundi ijayo amehama. Na anayehama hatumfuati tena, hesabu yake inafungwa akiwa hai.

Halafu akauliza, "Nani hapa ana mtu wake aliyeugua mjini akapelekwa ushago?"

Mikono yote iliinuka, wangu pia.

"Wangapi walirudi?"

Hapo ndipo niliposimama nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye na watu wake hawajui maana ya kuwa na nyumbani mbali. Nilimwambia mgonjwa mwenyewe huomba kupelekwa, anataka kulala kwa dala, kwa boma lake, karibu na watu wake waliotangulia, na hiyo si hesabu ya kompyuta. Nilisema mengi. Na yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini kuna nyingine ambayo sikuisema, na kila mtu chumbani aliijua. Mgonjwa huketi kwenye kiti cha basi. Maiti hutaka jeneza, gari lake, kibali, mochari, na mikutano ya michango kila jioni mpaka watu wanaanza kukukwepa njiani. Kwa hivyo mtu akizidiwa, jamaa wanaangaliana, hakuna anayetamka, halafu mmoja anasema, "Apate hewa safi." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wanampenda. Wanampeleka akiwa bado anaweza kukaa.

Madam alisubiri nimalize. Akasema, "Ndiyo, mama. Sasa tuulize aliondoka akiwa vipi, na tufuate." Akatufundisha swali jipya: alipoondoka alikuwa anatembea mwenyewe? Kama hapana, mpigie simu mtu wa huko, raundi ijayo na inayofuata. Basi. Hilo ndilo swali mnaloliona kwenye tablet zenu mpaka leo, na wengi wenu Shiko ananiambia mnaliruka kwa sababu ni refu. Msiliruke.

Haikupita muda, mguu wa Mama Achieng' ukapata kidonda. Alikanyaga kitu pale sokoni Toi alipokwenda kununua viatu vya mtoto, na kwa mtu wa sukari hicho si kitu kidogo. Kliniki walikuwa wanamsafisha, walisema kitapona kwa subira, lakini hakuweza kusimama mezani. Shemeji zake wakaja. Nilikuta wanakunywa chai, sauti zao ziko chini, na begi lake limeshafungwa.

Akaniita karibu na kitanda. "Mama Maswali, wewe ndiye unajua ile laini. Nikienda huko, yangu inapanda ama inashuka?"

Nilimwambia inashuka. Nilimwambia mbele ya shemeji zake, na mkubwa wao akaweka kikombe chini akaniuliza kwani mimi ni nani katika ukoo huo. Nikasema abaki, kidonda kinapona, kliniki ni hapo tu. Mama Achieng' akaniuliza, "Nibaki na nani?" Achieng' alikuwa bado shule, mume hakuweko. Mimi nilikuwa na Dan na chumba kimoja.

Walimshika mabega, huku na huku, mpaka kwa gari. Njiani alikuwa anawaambia wateja wake watapata omena kwa jirani lakini wasizoee. Nilitembea nyuma nimebeba begi lake. Niliona aibu kulia kwa sababu yeye alikuwa halii.

Raundi iliyofuata nilipiga simu. Achieng' ndiye aliyepokea. Nikauliza, "Mko wote?" Akaniambia kidonda kilipanda mguu mzima, zahanati ilikuwa imefungwa, na walimzika kabla mvua haijaanza. Alikuwa bado hajafika hamsini.

Nikaandika. Aliondoka hatembei, amekufa. Alikuwa mpangaji mtu mzima wa kwanza kufa katika eneo langu lote, kwa hesabu. Miaka yote ile, watu wote wale waliobebwa mabega njia ile ile, na yeye ndiye wa kwanza.

Na Guka alikufa raundi hiyo hiyo. Nisieleweke vibaya, nilimlilia, alikuwa mwenye nyumba mwenye roho, akikudai kodi anaanza kwa kukuuliza umekula. Alipozidiwa gari la binti yake lilikuwa langoni, hospitali ilikuwa hapo Lavington, akatibiwa, akarudi, akatibiwa tena, akafa kitandani mwake amezungukwa na vitukuu. Kutoka kwa mlango wake mpaka kwa meza ya Mama Achieng' unaweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ugali wa mchana haujaiva. Nilipomwambia Madam Wairimu pole ya baba yake, nilimwambia pia habari ya Mama Achieng'. Akasema laini ya nchi moja inaficha nchi nyingi ndani yake. Akasema baba yake aliishi kwenye moja na rafiki yangu kwenye nyingine. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa amechoka sana siku hiyo, na mimi nilikuwa nimeacha kumchukia.

Tulipoanza kuwafuata waliohamishwa, laini ya mitaa yetu ilishuka. Wageni waliona kama kuna ugonjwa mpya umeingia Kibera. Hakuna ugonjwa ulioingia. Watu walikuwa wanakufa vile vile, ila sasa walikuwa wanakufa kwenye karatasi pia. Mkisikia nchi fulani imepanda ama imeshuka, ulizeni kwanza ni nani huko anahesabiwa amehama.

Dan amefika.

Nilikuwa nimepanga kuwaeleza mambo ya mbwa na mambo ya wanaume walevi mlangoni, lakini nitaandika hili kwanza wakati bado liko moto.

Aliingia na mkate na maziwa, akaniuliza, "Mathe, niaje leo?" Akakaa kitandani. Ni mtoto mzuri, lazima mjue hivyo. Anachomelea vyuma huko Gikomba kutwa nzima na macho yake yanaharibika, na hajawahi kukosa kunitumia cha dawa. Akatoa simu anionyeshe picha. Ameirekebisha nyumba yangu ya nyumbani. Mabati mapya, ukuta umepakwa rangi ya samawati vile napenda, kitanda kipya, hata pazia. Nilianza kulainika. Nikafikiri labda mimi ndiye nimeharibiwa na kazi, naona vifo kila mahali, na huyu anataka tu mama yake alale vizuri.

Akatelezesha picha nyingine. Geti. Miaka yote kwetu hakujawa na geti, ni pengo tu kwenye ua wa miti, ng'ombe anapita, na mtu anapita. Sasa ua umekatwa pande zote mbili, na kuna geti la chuma la milango miwili, pana, amelichomelea kwa mikono yake mwenyewe. Uwanja wa mbele umesawazishwa, na mti wangu wa mapera umetolewa.

"Dan, pale palikuwa na shida gani?"

"Palikuwa padogo, Mathe."

"Padogo kwa nani? Basi linaniacha barabarani. Mimi nitaingia kwa miguu."

Akazima simu akaiweka mfukoni. Lori lingepita pale. Gari refu lingepita na kugeuka, na hema la matanga lingekaa pale mti ulipokuwa. Nilimwangalia mpaka akainamisha kichwa.

Nilimwuliza, "Unanipeleka nikaishi, ama unanipeleka nikafe?"

Akaanza kulia. Mwanaume mzima, mikono imejaa makovu ya moto. Akasema, "Mathe, ukifia hapa nitakubeba na nini? Niambie. Nitakubeba na nini?"

Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, yote mawili kwa pamoja. Kwa sababu hajakosea. Hana gari, hana ndugu wa kusaidiana naye, na mimi naweza kumwangukia siku yoyote. Nikamshika mkono.

"Sijui, Dan," nikamwambia. "Lakini Jumatatu niko na kliniki."

Bado ameketi hapo kitandani, viatu havijatoka miguuni, tiketi ziko mezani karibu na mkate.